Kikao cha Kesho, Nani Kaitwa?

Mpenzi msikilizaji, sogea karibu na redio tuzungumze.

Leo nataka tuzungumzie kazi ambayo serikali, kampuni na mashirika mengi yanaifanya siku hizi: kukaa kitako na kuifikiria miaka ishirini au thelathini ijayo. Wenyewe wanaiita kuona mbele kimkakati. Huenda umeisikia kwenye taarifa ya habari. Wataalamu wamekutana hotelini siku tatu, wametoa senario nne, waziri amepokea ripoti, picha imepigwa. Kisha habari ikahamia kwenye michezo, nawe ukabaki unajiuliza: hawa walikuwa wakifanya nini hasa? Ni akina nani? Nami yananihusu nini?

Nitakueleza maneno yao, yale machache yenye uzito. Nitakueleza na watu, yaani ni nani hukaa katika kikao cha namna hiyo na kila mmoja ana kazi gani. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa, ili usikilize huku ukiupima. Maneno unaweza kujifunza kwa alasiri moja. Penye ugumu ni kwa watu. Kikao cha kuifikiria kesho hufaa au huharibika siku barua za mwaliko zinapoandikwa, kabla hata mtu mmoja hajafungua mdomo.

Haya, tuanze na maneno.

Kwanza kabisa, kuona mbele si kutabiri. Mpiga ramli hukwambia litakalokuwa. Idara ya hali ya hewa hukwambia kama kesho kutanyesha, na kwa siku chache zijazo hesabu zao ni za kutegemewa. Lakini nani atakutajia bei ya gunia la mahindi mwaka 2045? Nani ajuaye mjukuu wako atakula kwa kazi gani? Hapo hesabu zinagota. Anayeona mbele hasemi itakuwa hivi. Anauliza: ni mambo gani yanaweza kutokea, zaidi ya moja, na kila moja likija litatukuta tumejiandaa vipi?

Tena kuona mbele si dira. Hili huchanganywa sana, hata na wakubwa. Kenya ilizindua Ruwaza ya 2030 mnamo mwaka 2008. Tanzania mwaka 2025 ilizindua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Hizo ni kauli za tunakotaka kufika, na ni jambo jema nchi kusema inataka nini. Lakini senario husema tunayoweza kukutana nayo njiani, tupende tusipende. Dira ni matakwa. Senario ni matarajio ya mema na mabaya pamoja, mabaya yakipewa nafasi ile ile ya kusemwa. Shika hilo, maana tutalirudia.

Na hiyo senario ni nini? Ni hadithi. Ni hadithi ya kesho yenye mwanzo, yenye sababu, na yenye mwisho unaotokana na sababu hizo. Haitungwi moja peke yake. Hutungwa mbili, tatu, mara nyingi nne, kwa sababu ukitunga moja tu utaiamini, na ukiiamini umerudi kwenye ramli.

Nikupe mfano wa kwetu. Mwaka 1998, pale Nairobi, Taasisi ya Masuala ya Kiuchumi pamoja na Shirika la Kimataifa la Maendeleo, lile lijulikanalo kwa kifupi kama SID, zilianza kukusanya Wakenya wa fani mbalimbali kufikiri nchi yao inaelekea wapi. Kumbuka ule ulikuwa wakati gani. Mvua za El Niño zilikuwa zimebomoa barabara na madaraja. Uchaguzi wa 1997 ulikuwa umepita na manung'uniko yake. Agosti mwaka ule wa 1998 bomu likalipuka katikati ya jiji. Watu walikuwa wamechoka kuuliza nchi itafika wapi. Mwaka 2000 kazi ile ikatoka hadharani, na ndani yake mna hadithi nne.

Ya kwanza waliiita El Niño. Humo hakuna kinachorekebishwa, si uchumi wala mfumo wa utawala, na nchi inabomoka pole pole kama zile barabara. Ya pili ni Maendeleo: uchumi unashughulikiwa kwanza, siasa inaambiwa ingoje. Ya tatu ni Katiba: sheria na taasisi za nchi zinarekebishwa kwanza, uchumi unangoja. Ya nne ni ya Bata Bukini, wale ndege warukao kwa safu: uchumi na taasisi vinakwenda pamoja.

Umeona ufundi wake? Ukizitazama vizuri hadithi zote nne, utaona zimepangwa na maswali mawili tu. Je, tutaurekebisha uchumi? Je, tutazirekebisha taasisi? Ndiyo na ndiyo, ndiyo na hapana, hapana na ndiyo, hapana na hapana. Maswali mawili, majibu manne, hadithi nne. Maswali kama hayo, ambayo ni mazito na hakuna ajuaye jibu lake, huitwa mambo makuu yasiyo na uhakika. Kuyapata ndiyo kazi ngumu ya kikao. Watu wanaweza kutaja mambo mia moja yanayowatia wasiwasi, lakini ni lipi kati ya hayo likigeuka linageuza yote?

Sasa niulize swali ambalo msikilizaji wa Kenya analo mdomoni tayari: ni hadithi ipi iliyotimia? Mimi naona vipande. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu elfu moja waliuawa na wengine wengi wakafukuzwa makwao, na hapo ile hadithi ya kwanza ilituchungulia uso kwa uso. Tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ikatangazwa rasmi. Barabara kubwa zikajengwa. Kwa hiyo usiulize senario ipi ilibashiri sawasawa. Uliza: je, wale waliosoma hadithi ile ya kwanza mwaka 2000 walifanya nini na onyo lake? Senario hupimwa kwa waliyoyafanya walioisikia.

Tuendelee. Liko neno jingine: visukumo. Ni nguvu zinazoisukuma kesho: idadi ya watu, tabia ya nchi, teknolojia, siasa, bei za dunia. Katika visukumo hivyo vimo vile ambavyo bado havijaamua njia, na vimo ambavyo vimeshaamua. Hivi vya pili tusivipite haraka.

Fikiria Mto Tana. Mvua ikinyesha mfululizo kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya, mabwawa ya Masinga na Kiambere yakajaa na kuanza kumwaga, mkulima wa Garsen anaweza kuwa amesimama juani, anga jeupe, hakuna hata wingu. Lakini maji yake yako njiani. Kwake mafuriko si jambo la kubahatisha tena. Yameshatokea, bado hayajafika tu. Kesho imejaa mambo ya namna hiyo. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu atatafuta kazi baada ya miaka ishirini hivi. Ameshazaliwa, yupo, anahesabika. Anayesema hatukujua kwamba vijana watakuwa wengi hivi, alikuwa Garsen akitazama anga badala ya kuuliza habari za Masinga.

Aliyeishika hoja hii kwa nguvu ni Mfaransa mmoja, Pierre Wack, aliyefanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell miaka ya sabini. Yeye na wenzake walitazama nchi zenye visima: zinauza mafuta kwa bei ndogo, mahitaji ya dunia yanapanda kila mwaka, na serikali za nchi hizo hazina sababu ya kuendelea kuuza kwa pupa. Wakaona bei haiwezi kubaki ilivyo. Wakatunga senario, wakawapelekea wakuu wa kampuni. Wakuu wakasoma, wakatikisa vichwa kukubali, kisha wakaendelea na kazi vile vile kama jana.

Hapo ndipo Wack alipofanya jambo ambalo kwangu mimi lina thamani kuliko hesabu zake zote. Aliacha kwanza habari za mafuta, akaanza kuchunguza hao wakuu wenyewe wanaamini nini. Wanadhani dunia inakwendaje? Wanaogopa nini? Ni jambo gani kichwani mwao halijawahi kuulizwa swali? Kisha akaziandika hadithi zake upya zikilenga imani hizo. Oktoba 1973 vita vikazuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikapunguza mafuta, na hadi mapema mwaka 1974 bei ilikuwa imepanda karibu mara nne. Shell haikushangaa kama wenzake walivyoshangaa.

Kwa hiyo unaona, hata katika kampuni tajiri yenye takwimu zote, kazi ilikwama kwa watu na ikakwamuka kwa watu. Mwenye kuamua asiposhiriki kwa moyo, ripoti ni karatasi. Narudia: mwenye kuamua asiposhiriki kwa moyo, ripoti ni karatasi.

Neno la mwisho kabla hatujaingia kwa watu ni ishara hafifu. Ni jambo dogo, la leo, lililo pembeni, ambalo huenda ndilo mwanzo wa jambo kubwa. Swali ni hili: nani huziona ishara hafifu?

Twende Unguja, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima ni wanawake. Bamvua inapotoa maji, mama anaingia na kamba zake, anafunga tambi za mwani moja moja kwa vile vikamba vya taitai, anainama mgongo juani, maji yamefika magotini. Ulikuwepo mwani wa aina mbili: spinosamu, na kotonii ambao bei yake ni nzuri zaidi. Miaka ikapita, kotonii ukaanza kusumbua. Tambi inageuka nyeupe, inalainika, inakatika, inachukuliwa na maji. Mama anafunga tena, bamvua inayofuata anakuta kamba tupu. Baadaye wanasayansi walieleza vizuri kwamba joto la maji limepanda na mwani huo haulivumilii, na ukilegea unaingiwa na maradhi. Sehemu nyingi kotonii ukashindikana.

Sasa nakuuliza, msikilizaji. Wakati tambi ya kwanza inageuka nyeupe mkononi mwa yule mama, lau kungekuwa na kikao cha kuona mbele mjini kuhusu uchumi wa bahari, angekuwemo? Barua ingeandikwa kwa jina lake? Ishara ile haikuwa kwenye takwimu zozote. Ilikuwa kwenye vidole vyake. Chumba kisicho na vidole hivyo hakiwezi kuiona, hata kikiwa na maprofesa kumi.

Ndiyo maana nasema penye ugumu ni kwa watu. Basi twende kwa watu.

Kikao cha kuona mbele kina mwitishaji. Huyu ndiye mwenye heshima ya kutosha mbele ya pande zote hata akiita, wahasimu wanakuja. Kina mwenye kuamua, ambaye swali ni lake na matokeo yatampa kazi. Wamo wataalamu wanaoleta maarifa ya fani. Wamo watu wanaoishi na jambo lenyewe. Kina mwezeshaji, anayeongoza mazungumzo bila kuyamiliki. Na yuko mwandishi wa kumbukumbu, ambaye watu humdharau, kumbe anachokiandika ndicho kitakachobaki.

Niwaonyeshe wakiwa kazini. Afrika Kusini, mwaka 1991. Mandela ametoka gerezani mwaka mmoja uliotangulia, mazungumzo ya kuvunja ubaguzi wa rangi yanaanza kwa kusuasua, damu bado inamwagika mitaani. Pieter le Roux, mchumi wa Chuo Kikuu cha Western Cape, anaita watu 22 katika nyumba ya mikutano iitwayo Mont Fleur, karibu na Stellenbosch, kwenye mashamba ya mizabibu. Wanakutana mara kadhaa hadi mwaka 1992. Mwezeshaji anatoka Shell kule London, Mkanada kijana aitwaye Adam Kahane.

Sikiliza walioitwa. Trevor Manuel na Tito Mboweni wa ANC. Mosebyane Malatsi wa PAC, chama chenye msimamo mkali kuliko ANC. Christo Wiese, mfanyabiashara. Vincent Maphai, msomi wa siasa. Yumo Howard Gabriels aliyekuwa katika chama cha wafanyakazi wa migodini, na yumo Johann Liebenberg wa Chemba ya Migodi, yaani upande wa waajiri. Hao wawili walikuwa pande mbili za mgomo mkubwa wa wachimba migodi wa mwaka 1987, mgomo uliogharimu maisha ya watu. Sasa wanakula chakula cha jioni meza moja.

Mwezeshaji aliwapa sharti moja, na sharti hilo ndilo ningependa ulibebe leo. Mtu akisimulia hadithi ya kesho, huruhusiwi kumwambia hilo halitakuwa, wala mimi sipendi litokee hivyo. Umeruhusiwa kuuliza tu: kwa nini jambo hilo litokee? Na baada ya hapo kinafuata nini? Basi. Ukiwa na mahasimu ishirini na wawili chumbani, na umewaondolea ruhusa ya kupinga na ruhusa ya kutamani, kinachobaki ni kusikiliza.

Kahane amesimulia tukio moja ambalo halinitoki akilini. Malatsi wa PAC alikuwa akieleza hadithi yake, na aliyeshika kalamu ubaoni akimwandikia alikuwa Liebenberg, mzungu wa Chemba ya Migodi. Malatsi anaitaja serikali ya makaburu kwa maneno makali ya chama chake, serikali haramu, serikali ya kibaguzi. Liebenberg anaandika kwa utulivu, kisha anageuka kumsomea maneno yale yale kuhakikisha ameyapata sawasawa. Hebu fikiri jambo hilo katika nchi kama ile, mwaka ule. Hakuna aliyembadili mwenzake msimamo. Lakini mmoja amekuwa mwandishi wa kumbukumbu wa mwenzake, na hawezi tena kusema hajui yule anaamini nini.

Walianza na hadithi thelathini hivi, wakazichuja zikabaki nne, wakazipa majina. Mbuni, serikali iliyofukia kichwa mchangani ikikataa makubaliano ya kweli. Bata Mlemavu, mpito mrefu wenye serikali dhaifu isiyoweza kuamua kitu. Icarus, yule kijana wa hekaya za Kigiriki aliyeruka karibu mno na jua. Na Heroe, wale ndege wa waridi tunaowajua Nakuru na Natron, ambao huanza kuruka pole pole, lakini kundi zima.

Iliyouma ni ya Icarus. Ilisimulia serikali mpya ya wananchi, iliyochaguliwa kwa haki, yenye nia njema kabisa, inayotumia fedha kuliko uwezo wake ili kutimiza ahadi zake zote kwa mara moja, mpaka uchumi unaanguka na wanaoumia ni wale wale maskini iliyotaka kuwainua. Angeisema mfanyabiashara mzungu peke yake, nani angemsikiliza? Wangesema anatetea mali zake. Lakini watu wa mrengo wa kushoto walikuwemo chumbani hadithi inapojengwa, wakauliza kinafuata nini, kinafuata nini, hata wakafika nayo mwisho. Wakaenda nayo wenyewe kwenye vyama vyao. Manuel akaja kuwa Waziri wa Fedha tangu 1996 hadi 2009. Mboweni akawa Waziri wa Kazi, kisha Gavana wa Benki Kuu. Kama sera zao za fedha zilikuwa sahihi, Waafrika Kusini wanabishana hadi leo, na wana haki ya kubishana; umaskini na ukosefu wa ajira bado umewakalia. Ninachosema ni kwamba waliokuwa chumbani ndio waliokuja kushika usukani, na ile hadithi walikuwa nayo.

Hata hivyo sitaki nikufanye uone Mont Fleur haikuwa na kasoro. Wanawake walikuwa wachache. Wengi wa walioitwa walikuwa wanasiasa, wasomi na watu wa biashara. Kijakazi wa Soweto, kibarua wa mashamba yale yale ya mizabibu yaliyowazunguka, hawakuwa na sauti yao ndani. Nafikiri hadithi ya tano ilikuwa nje ya dirisha, na haikuandikwa.

Tupumue kidogo, kisha nigusie jambo la woga.

Wewe na mimi tunajua vikao vyetu. Mkurugenzi akishasema, afisa kijana anainamisha kichwa. Mzee akishatoa kauli, nani amkosoe? Kualika watu tofauti hakutoshi kama watakaa kimya. Kule Marekani, taasisi ya RAND ilibuni miaka ya 1950 njia iitwayo Delphi. Wataalamu wanaulizwa kwa maandishi, kila mmoja kivyake, majina yamefichwa. Majibu yanakusanywa, wanarudishiwa wote wasome walichosema wenzao, wanaulizwa tena. Mkubwa hamtishi mdogo kwa sababu hakuna ajuaye nani kasema nini. Siyo lazima tuichukue nzima nzima. Lakini mwezeshaji anaweza kugawa karatasi, akasema kila mtu aandike kabla yeyote hajasema. Ni jambo dogo, na linamfungua mdomo yule aliyekuja akiwa ameshaamua kunyamaza.

Na yuko mshiriki mwingine ambaye hakuna barua inayoweza kumfikia, kwa sababu hajazaliwa. Huyu ndiye kesho yenyewe ni yake. Tunamwitaje?

Wales, huko Uingereza, walitunga sheria mwaka 2015 inayoweka Kamishna wa Vizazi Vijavyo, mtu ambaye kazi yake ni kuuliza kwa niaba ya wasiokuwepo. Japani, katika mji mdogo wa Yahaba, mwaka huo huo wa 2015, walikwenda kwa njia nyingine. Waliwaita wakazi kujadili mipango ya mji. Baadhi walikaa kama walivyo, watu wa leo. Wengine wakaambiwa: ninyi sasa ni wakazi wa mwaka 2060. Semeni kama watu wa wakati huo, mkiwatazama hawa wa leo. Majoho maalumu yametumika huko kumsaidia mtu kuingia katika nafasi hiyo. Na kauli zikatofautiana. Watu wa leo walitaka mahitaji ya leo, na nani awalaumu? Waliokuwa watu wa 2060 walitaka mipango mizito zaidi, ya gharama, ile ambayo faida yake haionekani upesi. Ni majirani wale wale, wanaonunua katika duka moja.

Nimelipenda hilo kwa sababu sisi tungeliweza kesho asubuhi. Nani kati yetu hajui kumsemea marehemu, kwamba marehemu baba angelikataa hili, marehemu bibi angelisema vile? Sauti ya asiyekuwepo tunaiheshimu sana vikaoni. Tumezoea tu kuipeleka nyuma. Tuigeuze mbele: mjukuu wa mjukuu angesema nini kuhusu mikoko hii tunayotaka kuikata?

Basi tuje mtaani kwako. Chukua diko moja la samaki hapa pwani, na swali moja: diko hili litaishi vipi ifikapo mwaka 2045? Nani aitwe? Mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, ataitwa, hilo halina shaka. Afisa wa uvuvi wa kaunti ataitwa. Tajiri anayenunua samaki na kukopesha nyavu ataitwa, na akisahauliwa atakuja mwenyewe. Lakini yuko wapi mama karanga, anayenunua samaki wadogo, akawakaanga na kuwauza jioni barabarani? Yeye anajua samaki wamepungua ukubwa kwa sababu anawapima kwa kikaango chake kila siku. Yuko wapi kijana aliyeacha bahari akanunua bodaboda kwa mkopo? Yeye ni ishara hafifu inayotembea kwa magurudumu mawili. Yuko wapi mvuvi wa kutoka Pemba anayekuja na kaskazi na kuondoka, ambaye wenyeji hugombana naye? Yuko wapi mwenye hoteli anayeutaka ufuo huo huo?

Mwalike hasa yule mnayegombana naye. Huyo ndiye ameshika nusu ya kesho yenu msiyoijua.

Halafu wapangieni waalikwa kikao kinachowafaa. Mama karanga hawezi kukaa hotelini siku tatu. Jioni moja bila kukaanga ni jioni moja bila chakula. Afidiwe, au kikao kifanywe maji yakiwa mafu, bahari haina pilika. Watu wazungumze Kiswahili, na ripoti iandikwe Kiswahili, isomwe pale pale dikoni kwa sauti. Nimeona kazi nzuri za kuona mbele zikitoka kwa Kiingereza tupu, kurasa mia moja, na waliotajwa ndani yake hawakuwahi kujua wametajwa.

Sasa, kwa msikilizaji wa Kenya, jambo la karibu kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kila kaunti ina mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano, na huu wa sasa unaishia mwaka 2027. Unaofuata hauwezi kungoja hadi mwaka huo. Kutaitwa vikao, na wengi wetu tumezoea kwenda huko kuomba: zahanati, barabara, kisima. Omba, ni haki yako. Lakini safari hii nenda na maswali mengine mawili. Uliza kwa sauti: mpango huu umefikiria kesho moja au kesho kadhaa? Mvua zikikatika miaka miwili mfululizo, au bahari ikapanda, au kiwanda mlichoahidi kisije, utasimama? Kisha geuka utazame waliokaa chumbani, uulize nani hayupo.

Na chifu au mzee wa mtaa akikuomba majina ya kupeleka, usiandike ya watu wanaosema vizuri tu. Andika na jina la yule anayeinama majini kila bamvua. Mfuate umwambie siku, saa na mahali, mwambie atakaa karibu nawe, na ahadi hiyo uitimize.